Nafasi ya Marehemu

6 Machi

Kwa mwanangu mpenzi,

Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima. Sisi huku tunaamka na kulala, tunashukuru. Pacha, wadogo zako, hawajambo. Mmoja alikuwa na kikohozi, kimekwisha, na sasa mwenzake anakiigiza ili naye apewe asali. Mimi mguu wangu wa cherehani unauma kidogo, lakini bado unakanyaga.

Utaniuliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu nikisikia sauti yako nasikia ya mama yako, basi nalia mpaka salio linakwisha na hatujasema kitu. Kwenye karatasi najikaza.

Jana nilikwenda ofisi ya fidia. Karani akaniuliza, "Wewe ni mtegemezi wa marehemu?" Nikamjibu, "Mimi ni dada yake mkubwa. Yeye ndiye aliyenitegemea mimi, nilimbeba mgongoni mpaka gauni langu likatoboka begani." Akacheka, kisha akanieleza taratibu kwamba mtegemezi ni neno lao, maana yake mtu aliyekuwa akila kwa jasho la aliyefariki. Nikawataja pacha. Nikakutaja na wewe. Akapekua karatasi akasema, "Huyu mkubwa hayumo. Umri umepita, halafu ameajiriwa. Amechukua nafasi ya mama yake."

Mwanangu, nimelisikia hilo kwa karani. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu.

Halafu kuna la pili. Karani alinisomea majibu ya mwajiri. Wanasema mama yako alisababisha ajali mwenyewe, kwa kuifunga kinga ya mashine kinyume cha kanuni, kwa hiyo hawana la kulipa. Mimi kinga ya mashine siijui. Ninayemjua ni mdogo wangu. Huyu ni mtu aliyekuwa akipima maji ya kuoga kwa kiwiko, hata yakiwa yake mwenyewe, kana kwamba anaogesha mtoto mchanga. Mtu wa namna hiyo anaifungaje kinga? Nieleze kwa lugha ya nyumbani.

Usidhani ninachotafuta ni fedha tu. Pacha wameanza kusoma vizuri, wanasoma hata maandishi ya kwenye magunia. Sitaki siku moja waisome karatasi inayosema mama yao alikufa kwa uzembe wake.

Ni mimi,
Mama yako Mkubwa


19 Machi

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima. Mwambie huyo mwenye kikohozi cha kuigiza kwamba asali ikiisha atabaki na kikohozi.

Nisamehe kwa kutokukwambia. Nilijua utasema nisiende, na mimi nilikuwa nimeshakwenda.

Chumba chetu ni cha mwisho kiwandani. Mashuka yanatoka kufuliwa yakiwa na unyevu, ya hospitali na ya nyumba za wageni. Sisi tunayalisha kwenye mashine kubwa ya pasi, yenye magogo mawili ya chuma cha moto yanayozunguka. Yakitokea upande wa pili yamenyooka kama karatasi. Tunaiita Chatu. Wawili tunalisha, wawili wanapokea na kukunja. Mbele ya magogo kuna ubapa mwembamba wa chuma unaoning'inia. Vidole vikiugusa tu, Chatu anasimama. Hiyo ndiyo kinga.

Tatizo lake haitofautishi kidole na pindo. Mashuka ya hospitali yana mapindo manene. Pindo likigusa, Chatu anasimama, na shuka lililoko ndani linaungua. Na shuka likiungua, chumba kizima tunakatwa mshahara. Kwa hiyo kila asubuhi mlishaji anapanda kigoda, anainua kinga na kuifunga juu kwa ukanda wa shuka kuukuu. Jioni anaifungua. Ndivyo mama alivyokuta, ndivyo nilivyokuta mimi.

Ndiyo, Mama Mkubwa. Asubuhi ile aliifunga mwenyewe. Kulikuwa na baridi, amevaa sweta, mkono wa sweta ukaingia pamoja na shuka. Kitufe chekundu cha kusimamishia kipo, lakini mbele yake kulikuwa kumepangwa marobota. Mengine uliambiwa hospitalini, sitayarudia.

Sasa ninaifunga mimi. Navaa mikono mifupi.

Kazi nilipewa palepale msibani. Msimamizi wetu, tunamwita Bwana Saa kwa sababu hata ukimwamkia anatazama mkono wake kwanza, alinishika bega akasema, "Nafasi ya marehemu haitoki nje ya nyumba." Alisema kama mtu anayetoa pole. Nilifikiria kodi ya chumba, nikafikiria ada ya pacha, nikasema ahsante.

Siku ya kwanza aliniambia mbele ya wote, "Mama yako alikuwa mwepesi. Usituangushe." Bibi Kunja, yule mzee anayepokea mashuka, akamjibu bila kuinua kichwa, "Na wewe ulipokuja hapa ulikuwa mwembamba, Bwana Saa, mbona umetuangusha?" Tulicheka mpaka shuka likapita limepinda. Nilikuwa sijacheka tangu tulipomzika. Kisha nikaona aibu.

Vitambaa vya kufungia kinga anatuletea Bwana Saa mwenyewe, amevichana sawasawa, utadhani vya kufungia zawadi.

Usiniambie niache. Niache nile nini?

Mwanao


2 Aprili

Kwa mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mvua inanyesha na bati la jikoni linavuja palepale alipoziba mama yako kwa lami, akajipaka mpaka nyusi. Nimeweka sufuria.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilipofika pale kwenye mikono mifupi nilitoka nje nikasimama uani.

Nilirudi kwa karani nikamweleza ulivyonieleza, bila kumtaja mtu. Yule kijana ana roho nzuri. Akaniambia, "Mama, mtu mmoja akikosea siku moja, hilo ni kosa lake. Wote wakikosea kila siku na msimamizi anatazama, huo ni utaratibu wa kazi. Mwenye utaratibu ndiye anayejibu." Neno hilo nililishika njia nzima kama mtu aliyebeba yai.

Lakini anasema maneno yangu hayatoshi, mimi sikuwepo. Anataka shahidi wa mle chumbani, au mkaguzi aone kwa macho yake. Basi nimeomba mkaguzi. Na pale palipoandikwa shahidi, nimeliandika jina lako.

Wewe sema uliloniandikia, basi. Kisha uje nyumbani, tushone pamoja. Sare za shule zinakuja kwa wingi. Fidia inaweza kungoja mwanangu, mikono yako haiwezi. Kila asubuhi saa ya wewe kuingia kazini ikifika, mimi huku nauachia mguu wa cherehani, nasikiliza, sijui nasikiliza nini.

Mama yako Mkubwa


11 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nani alikutuma? Barua ya mkaguzi imefika kwa wakubwa kabla wewe hujanieleza mimi. Bwana Saa ameisoma kwa sauti chumbani, na jina langu likiwemo. Tangu siku hiyo nikiingia mazungumzo yanakatika. Mwenzangu wa kulisha, tuliyekuwa tukila sahani moja, ameniambia, "Kumbe tunafanya kazi na redio." Hata Bibi Kunja, aliyemfundisha mama kazi, aliyemvua viatu siku ile, amenitazama tu akasema, "Binti, mimi nimebakiza kidogo nipate kiinua mgongo changu. Kidogo sana."

Chumba kikifungwa, hawa wote wanakula wapi? Utawashonea sare?

Mama amekwisha kufa. Karatasi isiseme uzembe, iseme malaika, hatarudi kupika. Mimi niko hai na nina kazi. Tafadhali usiniandikie kwa sasa.

Mwanao


30 Aprili

Kwa mwanangu,

Umeniambia nisiandike, nami nimejizuia mpaka leo. Natumaini u mzima. Hili si la kukusukuma, ni la kukuomba radhi, na radhi hainyamaziwi.

Nilikosea. Niliandika jina la mtu mzima bila kumuuliza, kana kwamba bado nakufunga vifungo vya sare. Nilikwenda ofisini kuyaondoa yote. Karani akasema ombi la ukaguzi likishapokelewa halirudi, ila jina lako amelifuta mbele yangu, kwa kalamu nyekundu. Mkaguzi atakuja, lakini hatakutafuta wewe. Ukinyamaza, mimi sitakuuliza kamwe, si leo wala nikiwa kizee kisicho na aibu.

Na umesema kweli kuhusu wenzako. Nilikuwa naliona kaburi moja tu, sikuona sufuria zao.

Nakuandikia kitu kidogo tu ambacho nimekikumbuka wakati nikianika nguo. Mama yako alipokuwa mdogo alikuwa anaogopa ngurumo. Badala ya kuja kwangu, alikuwa anakwenda kumfunika kuku na kapu, anamwambia, "Usiogope, nipo." Kisha yeye mwenyewe anatetemeka juu ya kapu. Nilicheka peke yangu uani. Halafu sikucheka.

Pacha wanakusalimu. Wanataka kujua kama Chatu ana mkia.

Mama yako Mkubwa


21 Mei

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa barua ile. Niliiandika nikiwa na hasira, nikaituma kabla hasira haijapoa. Mimi ni mzima wa mwili. Keti kitako usome.

Mkaguzi alikuja. Siku iliyotangulia tuliosha sakafu kwa sabuni, marobota yakaondolewa, kile kitufe chekundu tukakiona kwa mara ya kwanza, kina vumbi kama kofia ya marehemu babu. Asubuhi tukapewa glavu mpya, nyingine zikiwa bado na karatasi ya bei. Bwana Saa akatupanga mstari. "Mkiulizwa kama mlifundishwa usalama, mnasema nini?"

"Tulifundishwa."

"Na nani?"

Bibi Kunja akasema, "Na njaa."

Hakuna aliyecheka. Bwana Saa akakusanya vitambaa vyote akavitia mfukoni, akasema leo kinga ibaki chini, mashuka mazito yasiletwe, tulishe foronya tu.

Mkaguzi ni mama mmoja mfupi mwenye viatu bapa, hana haraka. Akatazama kila kitu. Akagusa kinga kwa kalamu, Chatu akasimama. Akagusa tena, akasimama. Akaandika. Nikaona mkono wake unavyoandika na nikajua anaandika nini: mashine ni nzima, kinga inafanya kazi, aliyekufa aliifunga mwenyewe. Akauliza, "Nani kati yenu alikuwa akifanya kazi na marehemu?" Tukatazama sakafu, jinsi ilivyong'aa. Mimi pia, Mama Mkubwa. Niliitazama sakafu.

Akafunga kalamu yake. Bwana Saa akapiga makofi. "Haya, kazi iendelee."

Sikuwa nimepanga kitu. Niliona foronya ya kwanza mkononi mwangu, nikawaza, huyu mama akitoka mlangoni, kitambaa kinatoka mfukoni, na kesho nitapanda kigoda kama kila siku. Basi nikapanda kigoda. Nikachana upindo wa shuka kuukuu lililokuwa pembeni, nikainua kinga, nikaifunga juu. Mkono ulikuwa unajua wenyewe.

Bwana Saa akapaza sauti, "We! Unafanya nini?"

Nikasema, "Naanza kazi."

Mkaguzi akarudi mpaka kwenye kigoda. Akaniuliza polepole, "Nani alikufundisha hivyo?"

"Marehemu mama yangu."

"Na yeye nani alimfundisha?"

Hapo nilinyamaza, kwa sababu nilijua jibu, na jibu lilikuwa limebakiza kidogo lipate kiinua mgongo. Ndipo nikasikia nyuma ya mashine, "Mimi." Bibi Kunja alikuwa ameweka foronya chini. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Na mimi nilifundishwa na msimamizi, huyu, akiwa amenishikia kigoda. Mwambie atoe mfukoni alichonacho, mama."

Vitambaa vilitoka, vingine vikadondoka sakafuni. Mkaguzi akaviokota mwenyewe, akavikunja.

Wamefunga Chatu kwa mhuri. Chumba kizima kimerudishwa nyumbani bila malipo mpaka mashine itakapotengenezwa kinga isiweze tena kufungwa juu. Mimi na Bibi Kunja hatukurudishwa, tumefukuzwa. Barua yangu inasema nimevunja kanuni za usalama mbele ya mkaguzi. Ya kwake inasema aliwafundisha wengine kuzivunja. Kiinua mgongo hapati.

Mwenzangu wa kulisha alinifuata mpaka getini akaniuliza, "Umefurahi sasa?" Ana mtoto anayenyonya.

Mwanao


15 Julai

Kwa mwanangu mpenzi,

Natumaini hii itakufikia. Nimekuandikia mbili kabla yake, hujajibu, na mwenye nyumba wako amemwambia mtu wa basi anayetubebea barua kwamba umeshakirudisha chumba. Kwa hiyo hii nampa huyo mtu wa basi, ampe Bibi Kunja. Uko wapi? Umekula?

Majibu yametoka. Karani alinisomea mara mbili kisha akanipa mkononi. Yanasema ni ajali iliyotokana na kazi, na kwamba marehemu alifuata utaratibu uliokuwapo chini ya msimamizi. Fidia italipwa, pacha watasomeshwa mpaka wamalize. Neno uzembe halimo. Nilitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, halimo.

Nikarudi nyumbani nikawaita pacha, nikawasomea kwa sauti, kwa furaha, "Mama yenu hana kosa." Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Kwani walisema ana kosa?"

Mwanangu, nilikuwa nimewaficha muda wote ule, kisha nikawaambia mwenyewe. Siku hiyo hawakula vizuri. Mwenzake ndiye aliyesema baadaye, kama mtu mzima, "Si wamekwisha kusema hana."

Kwa Bibi Kunja nimeuliza kama kuna njia. Karani anasema fidia ni ya aliyeumia kazini. Aliyesema kweli akafukuzwa, hilo ni shauri jingine na ofisi nyingine, na huko foleni ni ndefu. Nitakwenda. Nina mguu mmoja mzuri.

Njoo nyumbani. Kitanda cha mama yako nimekitandika. Shuka sikulipiga pasi, sikuweza.

Mama yako Mkubwa


9 Septemba

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua zako zote tatu ninazo. Mimi ni mzima, nimepungua kidogo, nisikufiche. Pacha hawajambo? Na mguu?

Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika kwamba nakuja, kisha nikachana. Nilizunguka kutafuta kazi. Madobi wa mji huu wanajuana. Nikifika mlangoni wananiuliza, "Si wewe yule wa kigoda?" wananipa maji ya kunywa, wananiaga vizuri. Mmoja aliniambia nimefanya jambo la kishujaa, kisha akafunga mlango.

Chumba chetu kimefunguliwa tena. Wenzangu wamerudi, ila huyo mwenye mtoto hakurudi, alishapata kazi kwingine, au hakupata, sijui. Juzi nilipita barabara ya nyuma ya kiwanda, dirisha la mvuke lilikuwa wazi. Nilisimama ng'ambo. Nikamsikia Chatu anaanza, anasimama. Anaanza, anasimama. Mtu ndani akasonya. Nikajua kinga iko chini. Nilikaa pale mpaka muuza karanga akadhani nataka kumnyang'anya wateja.

Nililia, lakini si kwa furaha wala si kwa huzuni moja. Niliwaza tu kwamba ingewezekana. Miaka yote ile ingewezekana.

Bibi Kunja nimekuwa nikilala kwake. Hanilaumu, na hilo ndilo linalonilemea. Nilipomwomba radhi alinikatiza. "Nilisema kwa mdomo wangu, binti. Hukuniazima wako." Lakini nimemwona akihesabu viazi. Barua yako alinisomea yeye, akacheka sana kuhusu mguu mmoja mzuri, akasema wewe na yeye mkikutana mtapata miguu mitatu.

Sasa sikiliza. Nimepata kazi ya kufua kwa mkono katika shule moja ya bweni, mbali, kule ambako gari la barua linakwenda likitaka. Naondoka kesho. Sitakuja nyumbani kwanza. Nikija nitaketi kwenye sahani ya pacha, na mimi si mtegemezi, karani alisema. Nikikiona kile kitanda pia sitaondoka tena, najijua. Nitakachopata nitakigawa, nusu kwa Bibi Kunja mpaka ofisi yako ya foleni ndefu imjibu. Tafadhali usiache kwenda.

Nimefikiri sana kuhusu ile nafasi. Walisema haitoki nje ya nyumba. Imetoka. Sijui ni nani anayelisha pale sasa. Kwa sauti ya kusonya ni msichana tu kama mimi. Namwombea avumilie kusimama-simama kwa Chatu.

Barua zangu zikichelewa usiogope, na usisimamishe cherehani kunisikiliza, kule ni maji na sabuni tu. Jioni ukiwaombea pacha na ukimtaja mama, nitaje na mimi. Mnikumbuke.

Mwanao